Nyumba njema si mlango: habari ya nyumba ya Wilmcote na mwenyewe wa kweli



Wazee walisema: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Wenzetu wengi katika vijitabu vya namna hii wanaeleza desturi za kwetu, na wanafanya vizuri. Sisi leo tunaomba ruhusa ya kutoka kidogo nje, tufike mpaka Uingereza, tuangalie nyumba moja ya zamani ya mkulima. Msiseme haraka kwamba haituhusu. Kabla ya kumaliza tutarudi nyumbani.

Jambo lilianzia darasani. Tuliwaomba wanafunzi wachore nyumba ya zamani ya jamaa yao. Karibu wote walichora nyumba ya matofali na manjanja. Kijana mmoja tu alichora nyumba ya miti na udongo, ile aliyojenga babu yake, na wenzake wakamcheka. Tukawaambia: «Babu ya William Shakespeare, mwandishi mkubwa kuliko wote wa Waingereza, alikaa katika nyumba ya miti na udongo.» Hawakusadiki. Basi tukaenda kutafuta habari kamili ili tuwaletee. Kumbe ile habari ilikuwa na jambo lingine ndani yake: kwa miaka mia mbili watu walikuwa wakionyeshana nyumba ambayo si yenyewe.

1. Nyumba ya miti na udongo

Wilmcote ni kijiji kidogo katika jimbo la Warwickshire, kilometa karibu 5 kutoka Stratford-upon-Avon, mji alimozaliwa Shakespeare mwaka 1564. Zamani sehemu ile ilikuwa na msitu mkubwa ulioitwa Arden. Miti yake ya kujengea ilikuwa mialoni, ule mti tunaousoma katika Biblia pale Abrahamu alipokaa kwenye mialoni ya Mamre.

Fundi wa huko hakuanza kwa kupanga matofali. Kwanza aliweka msingi mfupi wa mawe, sababu mti ukigusa udongo mbichi unaoza. Juu ya mawe alilaza mti mnene, na juu yake akasimamisha nguzo. Miti ilikatwa na kuchongwa ingali mibichi, maana mwaloni ukikauka unakuwa mgumu sana kwa shoka na patasi. Ncha ya mti mmoja iliingizwa katika tundu la mti mwingine, halafu ikafungwa kwa kijiti cha mti, bila msumari. Vipande vilipimwa na kuunganishwa kwanza chini, fundi akachora alama juu ya kila kimoja ili ajue kinakwenda wapi, kisha vikasimamishwa mahali pa nyumba kwa nguvu za watu wengi.

Kati ya nguzo na nguzo palibaki nafasi. Hapo walisuka fito, na juu ya fito wakakandika udongo uliochanganywa na majani makavu na mavi ya ng'ombe, kisha wakapaka chokaa. Miti ya nje haikufunikwa, ndiyo maana ukuta unaonekana kama umechorwa mistari.

Msomaji wa kwetu akisikia hayo atatabasamu. Nani kati yetu hajakanyaga potopoto kwa miguu siku ya kukandika nyumba? Nani hajaona fito zinafungwa kwa kamba za migomba? Tofauti iko: mwaloni unadumu kuliko miti yetu mingi, na huko hawana mchwa kama wetu. Lakini akili ya ile kazi ni moja: mti unabeba, fito zinashika, udongo unafunika. Si kazi ya watu wasiojua.

2. Robert Arden na watoto wake wanane

Mwenyewe wa nyumba tunayoitafuta aliitwa Robert Arden. Baba yake, Thomas Arden, alikuwa mtu wa Wilmcote. Mwaka 1501 karatasi ya kununua ardhi katika kijiji jirani cha Snitterfield ilitaja majina yao wawili, baba na mwana. Katika ardhi yao ya Snitterfield walikaa wapangaji, na mmoja wao aliitwa Richard Shakespeare. Huyu Richard njo babu ya mwandishi kwa upande wa baba.

Robert Arden hakuwa mtu mkubwa wa serikali wala maskini. Alikuwa mkulima mwenye mali. Alizaa mabinti wanane, na wa mwisho aliitwa Mary. Kisha Robert alioa mjane, Agnes Hill, aliyekuja na watoto wake wa ndoa ya kwanza. Kila mtu anayejua maisha ya nyumbani anaweza kuona mara moja kwamba hapo kulikuwa na sababu za ugomvi.

Tarehe 24 Novemba 1556, Robert Arden alipoona mwisho wake unakaribia, alifanya maandishi ya urithi. Alitaka azikwe katika uwanja wa kanisa la Aston Cantlow, parokia yake. Halafu akagawa mali. Mary, mtoto wa mwisho, alipewa shamba la Wilmcote lililoitwa Asbies pamoja na mavuno yaliyokuwa tayari ndani yake, na pesa paundi 6, shilingi 13 na peni 4. Tena yeye na dada yake Alice walichaguliwa kusimamia maneno ya urithi. Tuangalie sawasawa: mtoto mwanamke, tena wa mwisho, anapewa shamba na kazi ya kusimamia. Kwetu, hata baada ya sheria ya jamaa ya mwaka 1987 isiyotenganisha mtoto mwanamume na mwanamke katika urithi, jamaa ngapi zinafanya hivyo bila kelele?

Kuko sharti moja katika yale maandishi linaloonyesha moyo wa mzee. Alimwachia mke wake Agnes pesa sawa na zile za Mary, lakini kama atakubali Alice atumie kwa amani nusu ya shamba walilokuwa nalo Wilmcote. Asipokubali, atapata nusu tu ya pesa. Mzee aliwajua watu wa nyumba yake. Alijua kwamba siku atakayofunga macho, mama wa kambo na binti wanaweza kufukuzana. Hakuwaachia maneno ya mdomo, aliandika.

Alichagua pia watu wa kuangalia kama mapenzi yake yanafuatwa. Mmoja wao alikuwa jirani yake, Adam Palmer. Msomaji alishike jina hili, tutalikuta tena.

Baada ya kifo chake, mali yake yote iliandikwa, kitu kwa kitu. Ndani ya nyumba kulikuwa na nguo kubwa za kupakwa picha, za kutundika ukutani, 11 kwa jumla. Nje kulikuwa na maksai wanane wa kulima, ng'ombe wa maziwa, farasi, kondoo, nguruwe, kuku, hata nyuki. Hivi tunajua leo kilichokuwa katika zizi la mkulima aliyekufa zaidi ya miaka 450 iliyopita. Sisi wenyewe tukiulizwa babu zetu waliacha nini, tutajibu nini?

3. Namna Asbies lilivyopotea

Karibu mwaka 1557 Mary aliolewa na John Shakespeare, mtoto wa yule mpangaji Richard. Basi binti wa mwenye ardhi alichukuliwa na mtoto wa mpangaji. John alikuwa fundi wa kutengeneza mifuko ya mikono ya ngozi katika mji wa Stratford. Alipanda mpaka mwaka 1568 akawa mkubwa wa mji. Walizaa watoto wanane. Wawili wa kwanza, wasichana, walikufa wakingali wadogo. Wa tatu njo William.

Baadaye mambo ya John yakaharibika. Mwaka 1578 yeye na Mary waliweka shamba la Asbies rehani kwa shemeji yao, Edmund Lambert, mume wa dada ya Mary, ili wapate paundi 40. Mwaka 1580 walitaka kurudisha pesa na kuchukua shamba. Lambert akakataa, akisema kwamba wana madeni mengine kwake. Mwaka 1587 alikufa, na mtoto wake akalishika shamba. Jamaa ya Shakespeare ilikwenda mbele ya mahakama, hata jina la William limeandikwa pamoja na la wazazi wake katika mashitaka yale. Mwaka 1597 walijaribu tena. Asbies halikurudi.

Mary alizikwa mwezi wa Septemba mwaka 1608. Mtoto wake alikuwa amekwisha kuwa mtu wa sifa, lakini lile shamba la baba liliishia mikononi mwa watoto wa dada. Mashauri ya namna ile yamejaa katika mabaraza yetu: ardhi kuwekwa rehani kwa ndugu, maneno kugeuka, mzee kufa, watoto kushikana mashati.

4. Jina linakosea mlango

Miaka ikapita. Shakespeare alikuwa amekwisha kufa mwaka 1616, na sifa yake ikaendelea kukua. Katika karne ya 18 wageni walianza kufika Stratford kwa wingi, wakitaka kuona nyumba alimozaliwa na kila kilichomhusu. Na mgeni akiuliza, lazima apatikane wa kumjibu.

Kulikuwa na mtu wa Stratford aliyeitwa John Jordan. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kutengeneza magurudumu ya magari ya farasi, lakini alipenda kutunga mashairi na kuwatembeza wageni. Mwisho wa karne ya 18 alionyesha nyumba moja ya Wilmcote, kubwa na nzuri, yenye miti iliyopangwa kwa ufundi, akasema kwamba ni nyumba ya Mary Arden, mama ya Shakespeare. Jordan huyu alieleza mambo mengi juu ya Shakespeare, na watafiti waliokuja nyuma waliona kwamba mengine hayana msingi. Lakini neno hili la nyumba lilishika. Wageni walilibeba, vitabu vikalirudia, na watoto wa kijiji wakazaliwa na kulikuta.

Juu ya nini lilishika? Kwa mawazo yetu, sababu ile nyumba ilipendeza. Watu waliona mama wa mtu mkubwa lazima atoke katika nyumba nzuri kuliko zote za kijiji. Hakuna aliyeuliza majirani walikuwa nani.

Mwaka 1930 shirika la Shakespeare Birthplace Trust, linalotunza nyumba za jamaa ya Shakespeare, lilinunua nyumba ile, likaipanga ndani kwa vyombo vya zamani na kuionyesha kwa wageni. Kando yake kulikuwa na nyumba nyingine ya mkulima, iliyoitwa Glebe Farm. Hiyo ilikuwa ndogo kuliko ya kwanza, na katika matengenezo ya baadaye ilikuwa imewekwa matofali, basi uzee wake haukuonekana vizuri. Mwaka 1968 shirika liliinunua nayo ili kuilinda, bila kujua ni nini hasa. Wageni waliofika kwa ajili ya mama ya Shakespeare waliendelea kuingia katika nyumba ya kwanza.

5. Karatasi na mti vinashuhudia

Mwaka 2000 mwanahistoria Nat Alcock, mtaalamu wa nyumba za zamani za watu wa kawaida, alisoma upya karatasi za zamani zinazohusu mashamba ya Wilmcote. Kwa kufuata nani alikuwa na shamba gani na nani alilichukua baada yake, alionyesha kwamba nyumba nzuri haikuwa ya jamaa ya Arden. Ilikuwa ya Adam Palmer, yule jirani aliyewekwa kuangalia urithi. Nyumba ya Robert Arden ilikuwa ile ndogo ya pembeni, Glebe Farm!

Mti nao ukatoa ushahidi. Katika nchi zenye majira ya baridi, kila mwaka mti unaongeza duara moja ndani ya shina. Mwaka mzuri duara inakuwa pana, mwaka mbaya inakuwa nyembamba. Wataalamu wakilinganisha mpangilio wa duara za nguzo na ule wa miti mingine inayojulikana, wanaweza kupata mwaka mti ulipokatwa. Na kwa vile mafundi wale walitumia miti mibichi, mwaka wa kukata unakaribiana na mwaka wa kujenga. Miti ya Glebe Farm ilionyesha karibu mwaka 1514, wakati jamaa ya Arden ilipokuwa Wilmcote. Chini ya matofali ya baadaye mialoni ile ilikuwa imesimama karibu miaka mia tano, ikingoja mtu wa kuiuliza.

Shirika halikuficha kosa. Nyumba nzuri ilibadilishwa jina, ikaitwa Palmer's Farm, nyumba ya Palmer. Sisi tunaona hilo ni jambo la heshima. Kwa miaka 70 walikuwa wamewaambia watu kitu kimoja. Ushahidi ulipokuja, walisema: tulikosea. Tena Adam Palmer mwenyewe alipata haki yake. Kwa miaka mia mbili alikuwa amenyang'anywa nyumba yake na jina la mtu mwingine, na hakuna aliyemlilia.

6. Na sisi?

Sasa turudi nyumbani kama tulivyoahidi.

Shamba ambalo Agnes na Alice walipaswa kugawana halikuwa mali yao kabisa kabisa. Ardhi ilikuwa ya bwana mkubwa wa sehemu ile, na mkulima aliishika kwa desturi, kwa kutoa malipo. Mtu wa Bushi hapo hatapotea. Kwetu aliyetaka ardhi ya kukaa alitoa kalinzi kwa mwami, ao kwa mkubwa aliye chini yake, mara nyingi ng'ombe, na baada yake watoto wake waliweza kuendelea na ile haki. Desturi hizi mbili zinafanana kama ndugu. Lakini tofauti moja ni kubwa: huko haki ya mkulima iliandikwa katika daftari la baraza la bwana wa ardhi, na mkulima akapewa nakala. Kalinzi ilitolewa mbele ya mashahidi. Daftari linaweza kungoja miaka 400. Shahidi hawezi.

Na miti yetu? Karibu na ikweta hatuna majira ya baridi, basi miti mingi haionyeshi duara za mwaka waziwazi. Zaidi ya hayo, nguzo zetu zinaliwa na mchwa, na vita vilivyoanza mwaka 1996 vilichoma nyumba nyingi pamoja na karatasi chache zilizokuwa ndani. Kwetu mti hausemi, na karatasi ni haba. Anayesema ni mzee, na mzee hakai milele. Siku hizi jamaa inarudi kijijini, inakuta mtu mwingine amejenga juu ya msingi wa babu, na hakuna anayeweza kueleza mpaka ulipita wapi. Wengine wamekufa kwa ajili ya swali lile.

Jordan naye yuko kwetu. Yuko mtu anayeonyesha nyumba kubwa ya matofali na kusema ni ya mzungu fulani, bila kutaja waliochoma matofali na kuyabeba kichwani. Yuko anayempa babu yake nyumba ya jirani kwa sababu inapendeza zaidi. Si lazima awe na nia mbaya. Ni mtu aliyejibu haraka kuliko kuuliza. Lakini baada ya vizazi viwili uongo wake unakuwa mpaka wa shamba.

Kwa hiyo tunawaomba wasomaji, zaidi sana walimu wenzetu, jambo moja ambalo haliombi pesa nyingi. Chukueni daftari. Mwendeeni mzee wa jamaa akiwa angali na nguvu, mumuulize: nani alisimamisha nguzo za kwanza? Kalinzi ilitolewa nini, kwa nani, na nani aliona? Majirani wa pande zote walikuwa nani? Nani alibaki na nyumba baada ya mwenyewe kufa, na mabinti walipewa nini? Halafu nendeni kwa jirani, mumuulize maswali yale yale. Robert Arden alimwita jirani yake awe shahidi, na mwishoni jina la jirani yule lilikuwa sehemu ya jibu. Maneno ya pande mbili yakipatana, andikeni. Yasipopatana, andikeni yote mawili pamoja na majina ya waliosema na tarehe.

Na yule kijana aliyechora nyumba ya miti na udongo? Tulimrudishia karatasi yake mbele ya darasa zima, tukamwomba aandike chini ya picha jina la aliyeijenga. Aliandika jina moja, akasita, akasema: «Mwalimu, nitauliza kwanza nyumbani.» Tulifurahi kwa jibu lile kuliko kwa mtihani wowote wa mwaka ule.